Shampeni Siku Isiyo ya Harusi: Mlaji na Mvinyo wa Povu

Hotuba ya mwelimishaji wa walaji kwa wakazi wa Jiji la Arusha na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru



Nimeombwa niseme juu ya kinywaji ambacho wengi wetu hukutana nacho mara chache kwa mwaka. Ni mvinyo wa povu, ambao sote tumezoea kuuita shampeni. Huenda mtu akauliza: kuna haja gani ya kuzungumzia shampeni ilhali mlaji anahangaika na bei ya unga na mafuta ya kupikia? Haja ipo. Kinywaji hiki aghalabu hununuliwa kwa fedha za michango, kwa haraka, na bila kusomwa. Tena siku hizi kimeanza kutoka ukumbini na kuingia nyumbani. Mtu hupita dukani akitoka kazini, akaona chupa yenye karatasi ya dhahabu shingoni, akaichukua kwa ajili ya mlo wa Jumapili. Hakuna ubaya katika hilo, ila ajue anachokichukua.

Ninayo kauli moja tu leo, na mengine yote nitakayosema ni maelezo yake. Mvinyo wa povu waweza kuwa kinywaji cha siku ya kawaida, lakini hauwi kinywaji cha kila siku. Anayeijua tofauti hiyo, akajua kusoma lebo na kushika kipimo, atanywa kwa furaha. Na yule asiyekunywa kabisa, kwa imani yake au kwa afya yake, hotuba hii ni yake pia, kama nitakavyoeleza sasa hivi.

Mzee na bilauri

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani yetu, huku kwenye miteremko ya Meru. Keki ilikatwa, ndafu ikaletwa na majani yake mdomoni, kisha mshereheshaji akatangaza kuwa ni wakati wa shampeni. Katika meza yetu mimi ndiye niliyepewa chupa nimimine. Nilipomfikia mzee mmoja, akafunika bilauri yake kwa kiganja. Nikamwambia, "Pokea, babu, hii ni juisi tu ya watoto." Kwa kuniamini, akaondoa kiganja.

Alionja kidogo, akaiweka bilauri mezani, akaichukua ile chupa na kuisogeza karibu na macho. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umesoma hapa?" Palikuwa pameandikwa asilimia 7.5. Mzee yule alikuwa ameacha pombe kwa agizo la daktari, na wakati huo alikuwa katika dawa.

Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Kamati ya harusi ilinunua chupa iliyopendeza kwa umbo, aliyeuza hakuulizwa, nami niliyemimina sikusoma. Alinisamehe palepale. Lakini swali lake sijalisahau, na ndilo ninalowaletea leo: umesoma hapa?

Povu si geni kwetu

Kabla hatujafika kwenye lebo, tujue povu linatoka wapi. Watu wa Meru na wa Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa mbali, kwa sababu wanaijua mbege. Ndizi mbivu hupikwa, zikaachwa zichachuke, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Vijidudu vya hamira hula sukari ya ndizi na kutoa vitu viwili: kilevi, na gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi ile ndiyo inayofanya mbege ichemke pipani bila moto na kuvaa povu kibuyuni.

Mvinyo wa zabibu huchachuka kwa njia hiyo hiyo. Katika mvinyo wa kawaida gesi huachwa iende zake hewani. Katika mvinyo wa povu gesi huzuiwa, na hapa zipo njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni kuuchachusha mvinyo mara ya pili ndani ya chupa ileile itakayouzwa. Hii ndiyo njia ya jimbo la Champagne nchini Ufaransa, na ndipo jina shampeni lilipotoka. Kwa sheria za Ulaya, jina Champagne huandikwa kwenye mvinyo wa jimbo hilo peke yake. Wahispania wana Cava. Jirani zetu wa Afrika Kusini wana mvinyo waandikao Cap Classique, ambao wa kwanza ulitengenezwa na shamba la Simonsig kwa mavuno ya mwaka 1971. Njia hii huchukua muda mrefu na kazi nyingi, nayo huongeza bei.

Njia ya pili ni kuuchachusha tena ndani ya tangi kubwa lililofungwa, kisha kuupakia kwenye chupa. Prosecco na Asti za Italia nyingi hutengenezwa hivyo. Mvinyo hutoka na harufu ya matunda mabichi, na gharama hupungua.

Njia ya tatu ni kuchukua mvinyo uliokwisha kuwa tayari na kuupulizia gesi, kama inavyofanywa soda. Hii ndiyo rahisi kuliko zote.

Njia zote tatu ni halali, na mvinyo wa njia yoyote waweza kuwa mzuri kwa shughuli yake. Kisicho halali ni kukuuzia cha tatu kwa bei ya cha kwanza, au kukuambia "hii ni shampeni yenyewe" ilhali lebo haisemi hivyo. Chupa nzito, kizibo chenye waya na karatasi ya dhahabu havithibitishi chochote, kwani hata juisi ya zabibu yenye gesi huvalishwa nguo hizo hizo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mlaji asinunue vazi.

Mambo manne ya kusoma

Jambo la kwanza ni kiwango cha kilevi. Kitafute kikiwa kimeandikwa kwa asilimia, mara nyingi karibu na ujazo. Champagne na nyingi za aina yake huwa na asilimia 12 hivi. Asti tamu huwa na 7 au zaidi kidogo, na Moscato d'Asti huwa karibu na 5. Juisi yenye gesi haina kilevi. Angalieni pia vile vinavyotangazwa kuwa vimeondolewa kilevi: baadhi yake hubakiwa na chembe, hadi asilimia 0.5. Anayejizuia kabisa kwa dini au kwa tiba achague kilichoandikwa 0.0, au juisi halisi, na apewe yeye mwenyewe chupa aisome.

Jambo la pili ni utamu. Hapa maneno hupotosha. Chupa iliyoandikwa "Brut" ni kavu. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya haizidi gramu 12 za sukari kwa lita. Iliyoandikwa "Extra Dry", ambayo mtu angedhani ni kavu kuliko zote, ina gramu 12 hadi 17, yaani ni tamu kuliko Brut. "Sec" au "Dry" hufika 32, na "Demi-Sec" huenda kutoka 32 hadi 50. Wengi wetu tumezoea soda, hivyo tukionja Brut tunakunja uso na kusema mvinyo umeharibika. Haukuharibika, ni chaguo ambalo halikuwa letu. Anayependa utamu aanze na Demi-Sec au Asti. Mwenye kisukari azingatie sukari na kilevi kwa pamoja, na amuulize mganga wake kwanza.

Jambo la tatu ni nani aliyetengeneza, nani aliyeingiza nchini, na ujazo ni kiasi gani. Chupa ya kawaida ina mililita 750. Zipo pia za 375 na za 200, na kwa watu wawili nyumbani hizo ndizo zinazofaa zaidi, hata kama kwa hesabu ya mililita bei yake ni kubwa kidogo. Mvinyo uliomwagwa kesho yake kwa kukosa povu ni hasara kubwa kuliko nyongeza hiyo.

Jambo la nne ni stempu. Tangu mwaka 2019 Mamlaka ya Mapato Tanzania imekuwa ikitumia stempu za kielektroniki kwenye bidhaa zitozwazo ushuru, mvinyo ukiwamo. Mwenye simu janja anaweza kuikagua stempu hiyo kwa programu ya Hakiki Stempu. Chupa isiyo na stempu, au yenye stempu iliyochanika na kubandikwa upya, iacheni rafuni. Anayekwepa ushuru hana sababu ya kuogopa kukwepa na usafi. Tunakumbuka kwamba Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba, na mojawapo ya mafunzo yake ni kwamba kinywaji kisichofuatilika kilikotoka ni hatari kwa mnywaji. Pombe iliyochanganywa na methanoli hupofusha na huua, wala haionekani kwa macho wala haisikiki kwa ulimi.

Kwenye meza ya nyumbani

Sasa tuseme umenunua vizuri, na ni Jumapili isiyo na harusi. Utafanyaje?

Kwanza, iache chupa itulie. Ikiwa imesafiri kwa bodaboda kutoka mjini hadi Ngaramtoni au Usa River, gesi yake imetikisika. Isimamishe mahali pa baridi kwa saa kadhaa. Povu hukaa vizuri mvinyo ukiwa na nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi. Usiku wetu wa Juni na Julai ni wa baridi, lakini si wa kutegemewa kwa hilo, kwa hiyo friji inahitajika. Umeme ukikatika, chukua ndoo, tia barafu pamoja na maji, uzamishe chupa kwa nusu saa. Barafu peke yake hupoza polepole, kwa kuwa haiigusi chupa pande zote. Usiiweke kwenye sehemu ya kugandishia ukaisahau, itapasuka.

Pili, ifungue kwa adabu. Ndani ya chupa ya Champagne mna mgandamizo wa karibu mara sita ya ule wa hewa tunayovuta, ambao ni zaidi ya maradufu ya upepo wa tairi la gari dogo. Nasi tuko juu: Arusha ni takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na povu hufumka kwa urahisi zaidi kidogo kuliko Tanga au Dar es Salaam. Kizibo kikiruka chaweza kumpofusha mtu. Kwa hiyo weka kidole gumba juu ya kizibo tangu unapofungua waya. Inamisha chupa kidogo, uielekeze mahali pasipo na mtu, taa wala kioo. Shika kizibo kwa kitambaa, kisha zungusha chupa, si kizibo, mpaka kitoke kwa mnong'ono. Wale washereheshaji wanaotikisa chupa ili ipige mzinga wanahatarisha macho ya wageni na kumwaga sakafuni fedha za wachangiaji.

Tatu, kula nacho. Hapa ndipo siku ya kawaida inapokifaa kinywaji hiki kuliko siku ya harusi. Ukumbini huletwa pamoja na keki yenye sukari tele, na Brut ikinywewa na keki huonekana chachu kama ndimu. Kinywaji hiki kina uchachu na gesi, navyo hukata mafuta mdomoni. Kwa hiyo rafiki zake ni vyakula vya kukaanga na vyenye chumvi. Chipsi mayai, sambusa, samaki wa kukaanga, kuku wa kuchoma, karanga za chumvi, hata ndizi za kukaanga: jaribuni Brut na mojawapo ya hivyo mtaona. Zile tamu ziwekeeni matunda, mathalani embe, nanasi au papai.

Kikibaki, funga chupa kwa kizibo cha kubana na uirudishe kwenye baridi. Kinyweke ndani ya siku moja au mbili. Kijiko kinachotumbukizwa shingoni mwa chupa, kama wengi wafanyavyo, hakizuii gesi kutoka.

Kipimo

Nilisema kinywaji cha siku ya kawaida hakiwi cha kila siku. Tufanye hesabu. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina mililita 90 za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo chupa moja ya mvinyo wa povu ni sawa na bia zaidi ya tatu na nusu. Watu wawili wakiimaliza, kila mmoja amekunywa karibu bia mbili, ingawa bilauri zilikuwa nyembamba na mazungumzo yalikuwa ya upole. Tena gesi yaweza kukifanya kilevi kiingie damuni haraka zaidi kwa baadhi ya watu. Ndiyo maana mtu husema, "Nilikunywa kidogo tu, mbona kichwa chepesi?"

Bilauri moja ya mililita 125 pamoja na chakula, kisha maji: hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa mtu mzima mwenye afya aliyeamua kunywa. Sisemi kwamba kuna kipimo kisicho na madhara. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kabisa kwa afya. Kwa hiyo asiyekunywa asianze kwa sababu ya hotuba yangu, na anayekunywa apange siku, siku zisimpange yeye.

Kwa watu hawa kipimo ni sifuri: mjamzito, aliye chini ya miaka 18, anayetumia dawa zisizopatana na pombe, kama metronidazole na dawa za usingizi, na yeyote atakayeshika usukani au bodaboda siku hiyo. Barabara ya Arusha kwenda Moshi haina huruma kwa bilauri moja ya heshima.

Neno kwa kamati za harusi

Najua kwamba wengi wenu mtaendelea kukutana na kinywaji hiki ukumbini, basi niseme nanyi pia. Meza ya watu 10 ikipewa chupa moja, kila mmoja atapata mililita 75, nazo zatosha kwa kugonganisha bilauri. Msiagize zaidi kwa kuona haya. Kila meza iwekeeni pia chupa isiyo na kilevi, yenye lebo iliyo wazi, na mshereheshaji atangaze ipi ni ipi kabla ya kumimina. Mgeni asilazimike kuuliza mbele ya watu. Baada ya sherehe chaneni lebo za chupa tupu, zisiokotwe na kujazwa tena na wasio waaminifu.

Haki yako

Mwisho, risiti. Chukua risiti ya kielektroniki na uitunze, kwani bila hiyo malalamiko yako hayana miguu. Chupa ikifunguka bila sauti na bila povu, ikiwa na vipande vinavyoelea au harufu isiyo ya kawaida, usiinywe. Ifunge, irudishe dukani pamoja na risiti, udai nyingine au fedha zako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha na kumdanganya mlaji. Ukihisi bidhaa ni bandia, peleka taarifa Tume ya Ushindani. Ukiona shaka katika ubora na usalama wake, lipo Shirika la Viwango Tanzania. Ujazo ukipungua kuliko ulivyoandikwa, upo Wakala wa Vipimo. Usione aibu kwamba ni chupa moja tu. Aliyekudanganya wewe atamdanganya na mwenzako.

Ndugu walaji, mzee niliyewaeleza aliendelea kuja kwenye sherehe zetu. Kila nilipokaa naye nilimpa kwanza chupa mkononi, akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, kisha akanirudishia akisema, "Sasa mimina," au, "Hii ni ya kwenu." Hakuna sherehe iliyopungua furaha kwa kusubiri dakika ile moja. Nanyi nawaomba, iwe harusini au Jumapili kwenye meza yenu wenyewe, mpeni kila mtu dakika hiyo.